Ngitili ya Dada

Saa nane za usiku treni ya mizigo hupiga honi ikiikaribia Isaka, na mama huamka. Haamki kwa kushtuka. Huamka kama mtu aliyejilaza tu akisubiri kuitwa. Hupapasa uvunguni akitafuta beseni, huzungusha khanga kuwa ngata, hujitwisha beseni tupu, kisha hushika njia ya mlangoni. Kwenye komeo dada amefunga kopo la maziwa lenye kokoto tatu ndani yake. Kopo likilia, dada ameshasimama.

“Mama, unakwenda wapi?”

“Treni imefika.”

Miezi ya kwanza dada alikuwa akimjibu kweli: hakuna treni ya abiria saa hizi, biashara uliacha siku nyingi, rudi ulale. Kweli ile ilizaa vita. Mama alilia, alipiga mlango kwa beseni, usiku mmoja alimng’ata dada mkononi. Mpaka siku ambayo dada, kwa uchovu wala si kwa hekima, alisema: “Imechelewa, mama. Imekwama Bukene.” Mama akatua beseni. Mtu aliyeuza chakula kwenye reli hii kwa zaidi ya miaka 20 anajua maana ya treni kukwama Bukene. Hugombi na mtu. Unakaa, unasubiri. Akakaa, akasubiri, usingizi ukamchukua.

Dada ni mwanakwaya, na jambo lile lilimsumbua. Aliniuliza kwa simu kama ule ni uongo. Nilimjibu kwa wepesi wa mtu aliye mbali: hapana, dada, huo ni upole. Ilikuwa rahisi kwangu kusema hivyo. Mimi naishi Mwanza na nalala usiku kucha.

Isaka imelelewa na njia. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, hapa palikuwa kituo kama vituo vingine. Baadaye bandari kavu ikapafanya mahali ambapo mzigo uliotoka Dar es Salaam unashushwa behewani na kupakiwa kwenye malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Sasa limeinuka tuta la reli ya kisasa, kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ambacho jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2021. Kwa mji ni maendeleo. Kwa mama ni kilima kilichoota mahali palipokuwa na njia yake ya mkato. Jioni moja alikutwa amesimama chini ya tuta, beseni kichwani, akingoja aliyeliweka aje aliondoe.

Alikuwa akiuza michembe na matobolwa ya viazi vitamu, karanga na mayai ya kuchemsha. Treni ilisimama dakika chache, na ndani ya dakika hizo alipaswa kupokea fedha za madirisha matano, kukumbuka chenji ya nani ni ipi, na kukimbia sambamba na behewa linaloondoka ili amrudishie mtu salio lake. Kumbukumbu ndiyo iliyokuwa mtaji wake. Leo hamtambui mjukuu aliyembeba mgongoni, lakini mwanzishie tu “Tabora” naye atakufikisha ziwani: Bukene, Isaka, Shinyanga, Seke, Malampaka, Malya, Bukwimba, Mantare, Fela, Mwanza. Watoto wa nyumbani wameufanya mchezo. Kiswahili alichojifunzia stesheni kinamtoka, akibaki na Kisukuma cha utotoni mwake, ambacho wajukuu waliokulia kati ya madereva wa nchi nne hawakijui. Kwa hiyo dada, juu ya kupika, kuogesha, kufua na kulinda, ni mkalimani pia.

Mama humwita dada “mayu”. Mwanzoni tulifurahi. Kwetu mzazi kumwita binti yake mayu, yaani mama, ni mapenzi na ni heshima. Ilituchukua muda kung’amua kwamba hakuwa akimpa heshima mtu yeyote. Alikuwa anamwita mama yake mzazi, aliyekufa kabla sisi hatujazaliwa, na alikuwa akimuuliza kwa nini amemwacha kwenye nyumba ya watu asiowajua.

“Ni uzee huo,” tuliambiwa tulipompeleka kwenye zahanati moja, na aliyetuambia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na foleni mpaka kwenye kibaraza. Neno lile linapendwa kwa sababu halidai kitu. Uzee hautibiwi, hauchunguzwi, hauandikwi kwenye daftari la wagonjwa. Mnarudi nyumbani. Lakini mwanamke ambaye daktari Alois Alzheimer aliwasimulia wenzake habari zake huko Ujerumani mwaka 1906, ugonjwa ukaja kuitwa kwa jina la daktari huyo, alilazwa hospitali ya Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Sera yetu ya Taifa ya Wazee, ya mwaka 2003, inamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Kwa sera hiyo, yule mama wa Kijerumani alikuwa bado hajafikia umri wa kuambiwa ni uzee.

Na huku kwetu ugonjwa upo, umehesabiwa. Mwaka 2010 watafiti walizunguka vijiji vya Hai, Kilimanjaro, wakawapima watu 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea. Baada ya mahesabu ya umri kusawazishwa, walipata demensia kwa asilimia 6.4. Kinachonivutia zaidi ni namna kazi iliyoanzia Hai ilivyozaa kipimo kinachomfaa mtu ambaye hajawahi kushika kalamu. Vipimo vingi vya ng’ambo humtaka mgonjwa achore au aandike sentensi. Bibi aliyeishi na jembe atashindwa hata kama akili yake ni kali kama wembe. Katika kipimo hiki mzee hupangiwa njiti za kiberiti mbele yake, naye huombwa apange zake zifanane. Huulizwa daraja ni nini. Hutakiwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Nilipokwenda likizo nilimpangia mama njiti nne mkekani, nikijifanya mtafiti. Alizitazama, akaziokota moja moja, akazirudisha ndani ya kiberiti, akaniuliza nauza shilingi ngapi.

Mtu anaweza kusema: jina la ugonjwa lina faida gani, ikiwa dawa ya kuuponya haipo? Faida ipo. Kusahau kuna njia nyingi, na baadhi yake zina kurudi. Tezi ya shingo iliyolegea, upungufu wa vitamini B12, sonona, kaswende ya miaka mingi, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka: haya hufanana na uzee, na hutibika. Tena mgonjwa mwenye demensia akibadilika ghafla, ndani ya siku mbili tatu, mara nyingi kuna jambo jingine limeingia. Kuna wiki mama aligeuka moto, akimwona dada kuwa mwizi wa fedha zake, akitukana matusi ambayo hatukujua kwamba anayajua. Tukadhani ndio ugonjwa umepanda daraja. Alipopimwa, ilikuwa maambukizi ya njia ya mkojo na kukosa maji mwilini. Alitumia dawa, akanyweshwa maji kwa utaratibu, matusi yakaisha. Laiti tungebaki na neno uzee, tungeyavumilia matusi na mama angekufa kwa mkojo.

Lakini lipo jambo ambalo vitabu vya ulezi vilivyoandikwa ng’ambo havina sura yake, na kwetu ndilo la kwanza. Bibi kizee anatoka nje saa nane za usiku, peke yake, nguo imemdondoka, anazungumza na watu wasioonekana, anasimama mlangoni kwa jirani bila kubisha hodi. Mweleze daktari, atasema ni dalili. Mweleze mtu aliyelelewa Usukuma, hatakungoja umalize.

Simeon Mesaki, mwanaanthropolojia aliyeandika sana juu ya mambo haya, alichapisha hesabu zinazotisha: kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa kudhaniwa wachawi, na 2,286 kati yao walikuwa wanawake. Sehemu kubwa waliuawa kwenye ardhi hii ya Wasukuma. Macho mekundu yalitosha kuwa ushahidi, kana kwamba mwanamke anaweza kupikia kuni na samadi ya ng’ombe kwa miaka 50 macho yakabaki meupe. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928, mwaka uleule reli ilipofika Mwanza. Reli ilifika mbali zaidi. Hata sungusungu, waliozaliwa hukuhuku pande za Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kukomesha wezi wa ng’ombe, enzi zile hawakuishia kwenye wezi. Na pale machimboni upande wa Geita, ambako mtu huwa na utajiri leo na kesho hana nauli, mpiga ramli chonganishi hakosi wateja, hata baada ya serikali kupiga marufuku ramli hizo mwaka 2015.

Sisemi kwamba wale wote waliouawa walikuwa na demensia. Hakuna anayeweza kusema hivyo. Kulikuwa na mashamba ya kurithi, wivu, na watoto waliokufa kwa malaria wakatafutiwa mwuaji. Nasema tu kwamba nikizisoma hesabu zile sasa namwona mama ananyanyua komeo.

Ndiyo maana lile kopo halikuwekwa kwa hofu ya kuanguka peke yake. Dada alikuwa anamficha mama na macho ya watu. Alianza kwa kufunga mlango usiku, akafuatia kufunga mchana. Wageni akawapokelea nje. Mashosti wa kwaya wakaambiwa mama amelala. Na mtu akishakuwa na siri ya namna hiyo, hawezi kuomba msaada, kwa sababu kuomba msaada ni kuitoa siri. Mama alikuwa mgonjwa aliyefungiwa, na dada alikuwa amefungiwa pamoja naye, tofauti ikiwa kwamba dada alijua.

Katika lugha yetu anayekaa na mgonjwa tunasema anauguza. Nimelitazama neno hilo kwa muda mrefu. Kuugua limo ndani yake; limeongezwa sauti moja tu. Tunampa mwenzetu pole kwa kuuguza bila kusikia kwamba tumeshataja ugonjwa wake. Dada alipungua hadi pete ikamvuka kidoleni. Presha aliyopimwa kwa bahati, alipompeleka mama, ilikuwa juu kuliko ya mama. Meno yalimuuma miezi minne kwa kukosa nusu siku ya kwenda kuyang’oa. Na jioni moja, saa zile za jua kuzama ambapo wagonjwa wengi wa namna hii huvurugika zaidi, mama alipokataa kuvua nguo iliyolowa kwa mara ya nne, dada alimfinya. Aliniambia mwenyewe, kwa sauti ya chini, akinionyesha juu ya mkono wake mahali alipomfinya mama: “Hapa. Kwa nguvu.” Kisha akasema: “Na siku hizi naomba Mungu amchukue, halafu naomba msamaha, halafu naomba tena.”

Sikuwa na la kumwambia, nikamwambia ajitunze. Neno baya kwa pale. Kujitunza kwetu huambiwa msichana anayekwenda bweni. Kujijali nako kumeharibika zamani: ukisema fulani anajijali, umemsema vibaya, kwamba anajijali mwenyewe tu. Kwa hiyo hata tukitaka kumtafsiria dada yale yanayoandikwa ulimwenguni kwamba mlezi ajipe nafasi, ajipende, apumzike, tunajikuta tunamwambia awe mbinafsi. Alinijibu kwa haki kabisa: “Nijitunze saa ngapi, na nimwache kwa nani?”

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ndugu na jamaa wanaomwangalia mwenye demensia hutumia wastani wa saa tano kila siku, na kwamba asilimia 70 ya saa hizo hutolewa na wanawake. Dada nilipomsomea alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia muda. “Tano? Na zile nyingine mama anakaa na nani?” Mwaka 1981 Nancy Mace na Peter Rabins, huko Marekani, walichapisha kitabu cha walezi ambacho jina lake linahesabu siku moja kuwa na saa 36. Hao dada aliwakubali. Kuhusu ile asilimia 70, nyumbani kwetu ilikuwa mia, na tulikuwa wana wanne wa kiume. Dada alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, na mwanamke aliyerudi kwao huonekana hana shughuli. Hakuna kikao kilichoamua. Kila mmoja wetu alikuta tayari imeshaamuliwa.

Sisi tulituma fedha. Kaka yangu mmoja yuko kwenye maduara ya wachimbaji wadogo Nyarugusu. Mwezi duara likitoa hutuma, lisipotoa huzima simu. Mwingine huendesha lori kwenda Kigali na hupita Isaka mara mbili kwa wiki bila kuzima injini. Mimi nilituma kila tarehe 28 na nikaamini kwamba nashiriki.

Kilichonivua imani hiyo ni utafiti wa zamani, mdogo sana. Mwaka 1980 Steven Zarit na wenzake huko Marekani waliwahoji walezi 29 wa wazee wenye demensia, wakitafuta ni kitu gani kinachomlemea mlezi. Mtu angetegemea kwamba kadiri mgonjwa anavyosahau zaidi, anavyozurura zaidi, anavyojikojolea zaidi, ndivyo mlezi anavyoelemewa. Haikuwa hivyo. Uzito wa ugonjwa haukufuatana na uzito alioubeba mlezi. Kilichofuatana nao ni mara ngapi ndugu wengine walikuja kumtembelea mgonjwa: walezi ambao kwao ndugu walifika mara nyingi zaidi walilemewa kidogo zaidi. Walezi 29 ni wachache, na Marekani si Isaka. Lakini niliusoma usiku wa tarehe 28, simu ikiwa bado mkononi, na ujumbe wa “umefanikiwa kutuma” bado unawaka.

Mkoa wetu una somo kuhusu kuchoka, na somo lenyewe ni la ardhi. Shinyanga ilifyekwa. Kwanza misitu iliangushwa enzi za ukoloni kumfukuza mbung’o, kisha ikaja pamba, kisha ng’ombe wakazidi nyasi, kisha vijiji vya miaka ya 1970 vikawahamisha watu mbali na malisho waliyokuwa wameyatunza. Mwalimu Nyerere alipopita mwaka 1984 aliona jangwa linaloanza. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na busara yake kubwa ilikuwa kuacha kuwafundisha Wasukuma kitu kipya baada ya kugundua kwamba wanalo jibu: ngitili. Unatenga kipande cha malisho, unakifunga mvua zikianza, hakuna mfugo unaoingia, na unakifungua kiangazi kimekaza. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilizorejeshwa zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Miti ikarudi yenyewe. Mizizi ilikuwa bado hai chini.

Mambo mawili kuhusu ngitili huwa hayasemwi na wanaoisifia kwenye warsha. La kwanza, hufungwa wakati nyasi zipo kila mahali, na asiyejua anashangaa mnabania nini. Ukingoja mpaka ng’ombe wakonde, hakuna cha kufunga. La pili, mwenye ngitili hailindi peke yake. Hata ikiwa ni ya kaya moja, inasimama kwa sababu majirani wamekubaliana, dagashida, yaani baraza letu la jadi, imeshakaa, na anayeingiza mifugo anatozwa faini. Bila hiyo dagashida, ngitili ni nyasi tu zinazosubiri ng’ombe wa mtu mwenye nguvu.

Dada hakuwa na uwezo wa kujifungia ngitili. Sisi ndio tuliokuwa ng’ombe.

Hatimaye tulikaa kikao, ingawa kikao chenyewe kilikuwa simu tatu na ugomvi mmoja. Kaka wa Nyarugusu alisema dada analalamika, mama ni mtu mmoja, anakula anashiba, tatizo liko wapi. Tukamwomba aje akae naye wiki. Alikaa siku mbili. Siku ya pili jioni alimfokea mama mpaka majirani wakatoka, kisha akatoka nje, akakaa kwenye tofali akitetemeka mikono. Alirudi machimboni alfajiri bila kuaga. Tangu siku ile hajasema tena kwamba dada analalamika, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi huwa anakuja, duara litoe lisitoe.

Siri ilivunjwa na dada mwenyewe, wala hakutuuliza. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji mchana kweupe, akamweleza kila kitu: kutoka usiku, kuvua nguo, kuongea peke yake, na kwamba ni ugonjwa wa ubongo kama vile malaria ilivyo ugonjwa wa damu. Alidhani mzee yule ataguna. Mwenyekiti alikaa kimya, halafu akasema mkwewe alikuwa hivyohivyo, Kwimba, na walikuwa wakimfunga mguu kwa kamba. Aliwaita vijana wa doria. Dada akawaambia maneno wanayopaswa kusema wakimkuta mama njiani. Sasa hivi Isaka kuna vijana wenye marungu na tochi ambao, wakimwona bibi mmoja mwenye beseni usiku, humwamkia “mwadila, mayu”, humwambia treni imekwama Bukene, na humsindikiza nyumbani. Mmoja wao aliongeza ya kwake: eti injini imeharibika, fundi anatoka Tabora. Mama alimsifu kwa habari kamili.

Tulichomfungia dada ni kidogo. Jumatano jioni ya kwaya. Jumamosi kuanzia saa sita mchana hadi jua kuzama. Usiku mmoja kwa wiki mjane wa mjomba hulala na mama, na dada hulala nyumba ya pili ambako kopo halisikiki. Mjane huyu tunamlipa, kwa sababu naye ana watoto, na undugu usiolipa nauli huchosha. Masharti ni mawili: hakuna kumpigia dada simu muda huo, na hakuna kumhadithia baadaye mama alivyosumbua. Jumamosi ya kwanza dada alivaa, akatoka, akafika njia panda, akasimama. Hakujua aende wapi. Miaka mitatu alikuwa hajakwenda mahali bila sababu. Aliishia kwa rafiki yake msusi, akakaa kwenye kiti cha wateja, akalala kwa saa nne, kichwa kimening’inia, na msusi akasukia wateja wake chini kwenye mkeka asimwamshe.

Haikumponya mama. Mama anaendelea kupungua. Juzi alikosea, aliruka Malya, na dada alilia kwa kituo kile kimoja kuliko alivyolia kwa mengine yote. Huu ni msiba unaokuja kwa mafungu, na sisi tuna utaratibu wa msiba unaokuja mara moja tu. Isaka ina vyama vya kufa na kuzikana vyenye daftari, muhuri, turubai na masufuria. Mtu akifa, kabla jua halijapanda, maji yameshachotwa na mfiwa ameshakalishwa asifanye kazi. Mfiwa wa siku moja. Anayefiwa miaka saba, kidogo kidogo, anapewa pole njiani. Nimependekeza kwenye chama chetu kwamba daftari liwe na ukurasa wa wanaouguza, zamu zigawanywe kama zinavyogawanywa siku za matanga. Wajumbe wameahirisha mara mbili. Nitapendekeza tena.

Serikali nayo ina lake. Mzee wa miaka 60 asiye na uwezo ana haki ya matibabu bila malipo, na dirisha la wazee lipo kwenye hospitali nyingi. Zanzibar tangu Aprili 2016 inampa kila mwenye miaka 70 pensheni ya jamii, ambayo ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara hatuna pensheni ya namna hiyo kwa kila mzee. Huko Hai utafiti ulionyesha kwamba vikao 14 vya mazungumzo, nyimbo na michezo, kwa wiki saba, viliwasaidia wagonjwa, na havikuhitaji daktari bingwa kuviendesha. Hayo yote ni ya mgonjwa. Dirisha la anayemshika mgonjwa mkono bado halijafunguliwa, na aliyemleta mzee hospitali hapimwi hata presha mpaka aombe. Hilo lisingegharimu fedha nyingi: nesi mmoja, kile kipimo kilekile kilichotoka kwenye mkono wa mzee, na swali, “na wewe umelala saa ngapi?”

Njiani kwetu, ukikutana na mtu amebeba mzigo kichwani, humuulizi kama amechoka. Unasema “lete nikupokee,” na mikono yako imeshafika kwenye mzigo kabla hajajibu. Basi wewe unayesoma haya ukiwa machimboni, au Dar es Salaam, au Muscat, na kwenu yupo anayeuguza mtu wa namna hii: usimuulize anahitaji nini, atakuambia hahitaji kitu. Mtajie siku utakayofika, na utakaa mpaka lini. Ukifika, mpeleke akalale. Na mgonjwa akiuliza treni, imekwama Bukene.